Daktari wa Ngozi Anajibu: Nipandikize nywele kwa panchi ya mkono au ya mota?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 33, nauza nguo Kariakoo. Mzigo wangu naufuata Istanbul, mitaa ya Laleli, kwa hiyo mji ule naufahamu kiasi. Ukipanda ndege pale kurudi nyumbani huwezi kuwakosa: wanaume walionyolewa vipara, vichwa vimewaiva wekundu, wamefungwa kitambaa cheusi kwenye paji la uso na bandeji kisogoni. Nilikuwa nawacheka. Sasa zamu imenifikia.

Nywele zangu zilianza kurudi nyuma pembeni mwa paji nikiwa na miaka kama 25, na sasa utosini kuna duara ambalo kofia ndiyo inalisitiri. Baba na baba zangu wadogo wote wana vipara, kwa hiyo najua nimerithi wapi. Wao haikuwasumbua. Mimi inanisumbua, sioni sababu ya kudanganya. Desemba nafunga ndoa, imebaki miezi minne, na nikifikiria zile picha za ukumbini nakosa raha.

Nimewasiliana na kliniki mbili za kulekule kwa WhatsApp. Ya kwanza wanasema wao mizizi ya nywele ya kisogoni, ile inayopandwa mbele, wanaitoa kwa mkono tu, eti mashine inaunguza mizizi na ukishaungua hauoti tena. Bei yao iko juu na kazi ni ya siku mbili. Ya pili wanasema mkono ni mambo ya kizamani, wao wana mota ya kisasa, na wameniahidi vipandikizi 4,500 kwa siku moja, hoteli na gari la kunipokea uwanja wa ndege vikiwa ndani ya bei. Niliwatumia picha ya paji na ya utosi tu, haikupita dakika kumi wakanijibu na namba hiyo. Wanataka amana kabla ya Ijumaa ili bei isipande.

Rafiki yangu ananiambia njia zote mbili ni za watu wa nywele za singa, kwamba hizi zetu za kipilipili zitakatika chini kwa chini, nirudi sina mbele wala nyuma. Kinyozi wangu naye ana lake. Anasema kisogo changu kinatoka vipele kila akinipiga wembe, kwa hiyo nisikubali mtu kunitoboa pale. Mimi sioni kama ni tatizo, ninavyo miaka mingi, sawasawa na kovu la chanjo begani ambalo limetuna tangu utotoni na halijawahi kunisumbua.

Swali langu ni moja tu: mkono au mashine?

Mfanyabiashara, Kariakoo

*

Marahaba, kijana wangu.

Swali lako lina jibu na nitalifikia. Lakini katika barua nzima kilichonishtua si mota. Ni yale mambo mawili uliyoyatupia mwishoni: vipele vya kisogoni na kovu lililotuna. Mpe kinyozi wako asante, maana ameona ambacho kliniki mbili hazikukiuliza.

Kovu la chanjo linalobaki alama ndogo ni la kawaida. Likivimba likavuka mipaka ya kidonda chenyewe na kukaa hivyo miaka, hiyo ni keloidi, na inatuandama sisi wenye ngozi nyeusi kuliko wengine. Sasa fikiria kazi unayotaka kufanyiwa. Kila mzizi unaotolewa unaacha kidonda kimoja kisogoni, na kila unapopandwa panatobolewa tundu jingine mbele. Mizizi elfu mbili ni vidonda elfu nne kwenye ngozi ambayo imeshaonyesha tabia yake. Ni kweli kichwani keloidi hutokea kwa nadra kuliko begani, kifuani au kwenye ndewe ya sikio, na wapo watu wenye historia kama yako waliopandikizwa wakapona vizuri. Lakini hao walijaribiwa kwanza. Daktari makini huchukua mizizi michache tu nyuma ya sikio, akaipanda mahali pasipoonekana, kisha anasubiri miezi kadhaa aone ngozi itajibu nini. Asiyekuwa na subira hiyo, usimpe kichwa chako.

Vipele vya kisogoni navyo vina jina lake kwa madaktari na vina tiba. Nywele iliyojikunja ikinyolewa chini kabisa kwa wembe hurudi kuingia ndani ya ngozi, panavimba, na mwili unapoendelea kupigana nayo vipele vinageuka vinundu vigumu ambavyo mwishowe vinaua mizizi ya pale. Na kisogo ndilo shamba la mbegu unalotaka kuvuna! Hakuna anayetakiwa kutoa mizizi kwenye ngozi yenye uvimbe. Anza na kuacha wembe. Mwambie kinyozi atumie mashine na abakize urefu kidogo. Halafu muone daktari wa ngozi, uso kwa uso, si kwa picha. Pale Muhimbili wapo, na KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachosomesha madaktari wa nchi nyingi za Afrika. Ukiwa hapo mwombe akuangalie na utosi, ahakikishe ni kipara cha kurithi na si ugonjwa unaoacha makovu kwenye mizizi. Kwa ulivyoeleza, pembe za paji kwanza kisha duara la utosi, na wazee wa ukoo wako walivyo, sina shaka kubwa. Lakini mimi nimesoma barua tu.

Haya, tuje kwenye mkono na mashine.

Chombo chenyewe kinaitwa panchi. Ni kijibomba cha chuma chenye mdomo wa duara, upana wake karibu na milimita moja, wakati mwingine pungufu, na kwa nywele za kipilipili mara nyingi huongezwa kidogo. Daktari anakiweka juu ya nywele, anakizungusha kikate ngozi pembeni mwa mzizi, kisha mzizi unavutwa kwa kibanio ukiwa na nyama yake kidogo. Hicho ndicho kipandikizi, na kimoja hubeba nywele moja hadi nne. Wazo la panchi si la jana. Mjapani Shoji Okuda aliandika mwaka 1939 jinsi alivyorudisha nywele kwenye vichwa vilivyoungua, na mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York alieleza kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele zinabaki na tabia ya kisogoni, yaani hazifuati kipara. Ila panchi za enzi hizo zilifika milimita nne, na matokeo yake yalikuwa vishungi vya nywele vilivyoachana. Kutoa mzizi mmoja mmoja kwa panchi ndogo kulianza kujulikana sana baada ya madaktari wa Marekani, Rassman na Bernstein, kukueleza katika jarida la kitabibu mwaka 2002. Na kulianza kwa mkono.

Panchi ya mkono imefungwa kwenye mpini wa unene wa kalamu. Daktari anaizungusha kwa vidole huku na huku, robo mzunguko kwenda, robo kurudi, akisikia kwenye ncha ya vidole jinsi ngozi inavyogoma na kisha kulegea. Uzuri wake ni huo: kuna mtu anayesikia. Ngozi yako ikibadilika kutoka katikati ya kisogo kwenda pembeni, vidole vinapata habari mara moja. Ubaya wake ni kwamba vidole vinachoka. Mzizi wa kwanza wa asubuhi na wa elfu moja wa jioni haiwezi kutolewa kwa mkono uleule, na ndiyo maana wanakuambia siku mbili. Hilo la siku mbili sijaliona kuwa dosari hata kidogo.

Ya mota ina mpini wenye waya, na daktari anaiendesha kwa kukanyaga pedali. Inafanya haraka na haijui uchovu. Madai kwamba inaunguza mizizi yana chembe ya ukweli: chuma kinachozunguka kasi kwenye ngozi kinatoa joto. Lakini mwendo unapunguzwa, maji ya chumvi yananyunyizwa, na joto linabaki dogo. Hatari ninayoiogopa zaidi ni kusokota. Panchi inayozunguka mfululizo upande mmoja inaweza kuibeba nyama laini ya mzizi ikaizungusha nayo, kipandikizi kikatoka kimenyongeka au kimechubuka. Kwa sababu hiyo mota nyingi za siku hizi zinaweza kuwekwa kwenye mwendo wa kwenda na kurudi, sawa na vidole. Kwa hiyo mtu akikuambia tu "tunatumia mota" hajakuambia kitu. Inazunguka au inakwenda na kurudi? Kwa mwendo gani? Na mdomo wake ni mkali au butu?

Hapo kwenye mdomo ndipo rafiki yako alipokaribia ukweli bila kuufikia. Nywele za singa zinashuka ndani ya ngozi zikiwa zimenyooka. Zako zinapinda, na hazipindi nje tu: mzizi wenyewe umekunjika ndani ya ngozi, na namna nywele inavyochomoza juu haikuambii chini imeelekea wapi. Aliyewahi kung'oa muhogo atanielewa. Shina limesimama wima, lakini mhogo wenyewe umeshaenda pembeni, na ukishindilia jembe wima unaukata katikati. Panchi kali inayoshuka moja kwa moja milimita nne au tano inafanya hivyohivyo, iwe ya mkono au ya mota. Kipandikizi kinatoka bila kitako chake, nusu inabaki chini, na kuna hatari usipate nywele kule ulikokipanda wala kule ulikokitoa.

Njia za kukwepa zipo. Ya kwanza ni kutoshuka sana: panchi kali inapasua ngozi ya juu tu, na sehemu ya chini inaachiwa kibanio kiivute polepole kufuata mkunjo wake. Hapo mkono unafanya vizuri sana. Ya pili ni panchi butu, au yenye mdomo uliopanuka nje, ambayo ikishapita ngozi ya juu inausukuma mzizi badala ya kuukata. Hiyo kwa vidole ni shughuli pevu, maana ukingo butu haupenyi ngozi bila nguvu, na ngozi yetu ni ngumu. Inahitaji mota. Ina dhambi yake pia, kwamba inaweza kuuzamisha mzizi chini ya ngozi usionekane tena, ukaja kuvimba baadaye. Lakini kwa nywele za kipilipili imesaidia. Sanusi Umar, daktari wa ngozi wa California, alibuni panchi na mashine yake akizilenga hasa nywele za namna hii, na hiyo ni ya mota. Kwa upande mwingine, ARTAS, roboti ya kutoa mizizi, iliporuhusiwa Marekani mwaka 2011, ruhusa ilikuwa kwa wanaume wenye nywele nyeusi au za kahawia zilizonyooka. Kwa hiyo "mashine" si kitu kimoja, na rafiki yako amezitia zote kapu moja.

Jibu langu basi ni hili. Kwa kichwa chako, panchi ya mkono kwa daktari aliyezoea nywele zetu ni nzuri, na mota ya mwendo mdogo yenye mdomo butu kwa daktari aliyezoea nywele zetu ni nzuri. Mota kali ya mwendo kasi mikononi mwa fundi anayekimbizana na saa ili aanze kichwa kingine mchana, hiyo ikimbie. Ukiniambia nichague bila kujua anayeishika ni nani, nitachagua mkono, kwa sababu moja tu: asiyejua kazi akitumia mkono ataharibu mizizi michache kabla hajachoka.

Na ni nani anayeishika? Hili uliulize kwa maandishi. Mji ule una madaktari hodari, sitaki kumsingizia mtu. Lakini biashara yake imekuwa kubwa kiasi kwamba kuna sehemu daktari anaingia, anakuchorea mstari wa paji, anakusalimia na kutoka, halafu kuchoma ganzi, kutoa mizizi na kutoboa matundu vinafanywa na mafundi. Chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hii, ISHRS, kimekuwa kikiendesha kampeni ya kuonya watu juu ya hilo. Waandikie: nani atashika panchi tangu mzizi wa kwanza hadi wa mwisho, na je, jina lake litaandikwa kwenye karatasi nitakazopewa? Waombe picha za watu weusi waliowafanyia, kisogo kikiwemo, mwaka mmoja baadaye. Picha za siku ya upasuaji hazina maana, siku hiyo kila mtu anapendeza.

Waombe pia wakutolee mizizi michache ya majaribio kabla ya kukubaliana idadi, labda ishirini au thelathini, waiweke chini ya hadubini nawe uangalie. Mzizi mzima utauona umevikwa nyama nyeupe na una kitako kinene chini. Uliokatwa unaishia ghafla. Wakikata mmoja au wawili, hiyo ni hali ya binadamu. Wakikata sita katika thelathini, piga hesabu mwenyewe: ukivunwa mizizi elfu mbili, mia nne imekwenda na maji. Daktari wa kweli atabadilisha panchi au pembe akajaribu tena, na akiona haikubali atakuambia urudi nyumbani. Asiyetaka kukuonyesha ameshakujibu.

Namba 4,500 imenichekesha kisha ikaniudhi. Hawajaona kisogo chako, ambako ndiko mizizi inakotoka! Mtu wa asili yetu kwa kawaida ana mizizi michache kwa kila sentimita ya mraba kuliko Mzungu, na ukivuna kupita kiasi kisogo kinabaki na mabaka kana kwamba kimeliwa na nondo, hakirudi tena. Habari njema ni kwamba huhitaji wingi huo. Nywele iliyojikunja inaziba eneo kubwa kuliko iliyonyooka, kwa hiyo daktari anayejua atakupandia kiasi kidogo na kichwa kikaonekana kimejaa. Isitoshe una miaka 33 na ukoo wako wote una vipara. Zako hazijamaliza kuondoka. Ukimaliza akiba yote leo kujaza paji, baada ya miaka kumi nyuma ya paji patakuwa peupe na huna pa kuchukua.

Kuhusu amana ya Ijumaa, usitume. Bei inayopanda Ijumaa ni ya viatu, na wewe mfanyabiashara unaijua mbinu hiyo kuliko mimi.

Na harusi. Hata kama kila kitu kingekwenda sawa na ukapandikizwa kesho, Desemba ungekuwa umeharibikiwa kuliko sasa. Nywele zilizopandwa hudondoka wiki chache za mwanzo, mzizi ukibaki umelala. Zinaanza kuchomoza kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, nyembamba na zisizolingana, na sura kamili ni baada ya mwaka, utosini hata zaidi. Picha za Desemba zitapigwa na kichwa ulichonacho. Mwambie kinyozi akupunguze kichwa kizima kwa mashine, kiwe kimoja juu na pembeni, atengeneze ndevu vizuri, na ufunge ndoa yako. Mchumba ameshakuona bila kofia, au kama bado, mvulie kabla ya siku hiyo.

Wakati vipele vikitibiwa na kovu la majaribio likisubiriwa, kuna kazi ya maana ya kufanya: kuzuia zilizobaki zisiondoke. Daktari wako anaweza kukuanzishia minoxidil ya kupaka, na akiona inafaa, vidonge vya finasteride. Vyote vinataka miezi sita hadi mwaka kabla ya kuhukumiwa, na ukiacha, faida yake inaondoka nayo. Finasteride inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya wanaume, na kuna wanaoshuka moyo sana. Ukihisi lolote kati ya hayo, acha na umwambie daktari, usione aibu. Na mkianza kutafuta mtoto, mkeo asiguse vidonge vilivyovunjika au kusagika, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Vihifadhi kwenye pakiti yake, uvimeze vizima, na umwambie daktari mapema kwamba mnapanga mtoto.